Mchanga wa Nebraska: Siku Moja ya Askari wa Baiskeli, 1897

Mwanzoni mwa mwezi wa Julai, mwaka 1897, askari ishirini weusi wa Jeshi la Marekani walikuwa wakipita na baiskeli zao juu ya njia ya reli, magharibi mwa jimbo la Nebraska. Hawakuwa wamepotea. Barabara ya magari ya farasi ilikuwapo, lakini ilikuwa imefunikwa na mchanga mzito ambao magurudumu yao membamba hayakuweza kuukata. Ndipo wakaiacha barabara, wakapanda tuta la reli. Huko juu palikuwa na mataruma ya mbao, na kila taruma lilimrusha mpandaji kidogo kutoka kwenye kiti. Aliyechoka kurushwa alishuka akasukuma. Aliyechoka kusukuma alipanda tena.

Askari hao walikuwa wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu, na walikuwa katikati ya safari ambayo mpaka leo ni miongoni mwa safari ndefu zaidi za kijeshi zilizowahi kufanywa kwa baiskeli. Walitoka Fort Missoula, katika jimbo la Montana, tarehe 14 Juni, na walifika St. Louis, Missouri, tarehe 24 Julai. Umbali ulikuwa maili 1,900 hivi, yaani zaidi kidogo ya kilomita 3,000. Kati ya siku hizo 41, siku za mwendo zilikuwa 34, na wastani wa kila siku ya mwendo ulikuwa maili 56, karibu kilomita 90. Walipita katika majimbo matano: Montana, Wyoming, kona ya South Dakota, Nebraska na Missouri.

Safari hii husimuliwa mara nyingi kama kioja katika historia ya baiskeli: picha za askari waliovaa kofia za ukingo mpana, bunduki mgongoni, wamejipanga mstari mmoja nyikani. Picha hizo zinavutia, na si za uongo. Lakini zinaficha swali ambalo msomaji wa historia hana budi kuliuliza. Jeshi lilisema kwamba linajaribu baiskeli. Je, waliozipanda walikuwa nani katika jaribio hilo, na nini kilichoandikwa juu yao? Njia nyepesi ya kulikaribia swali hili ni kuifuata siku moja tu, ile ya mchangani, tangu alfajiri mpaka usiku.

*

Kabla ya kuifuata siku hiyo, yafaa kueleza jinsi askari wa miguu walivyojikuta wamepanda baiskeli. Katika miaka ya 1890 baiskeli ya magurudumu mawili yaliyolingana, yenye matairi ya upepo, ilienea upesi sana Marekani na Ulaya. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameanza kuitumia kwa matarishi na wapelelezi, lakini katika nchi zenye barabara nzuri. Jenerali Nelson Miles, mkuu wa Jeshi la Marekani wakati huo, aliamini kwamba chombo hiki kingefaa pia katika nchi yake. Luteni kijana, James A. Moss, mzaliwa wa Louisiana aliyehitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho katika darasa lake, aliomba ruhusa ya kulithibitisha jambo hilo katika milima ya Montana. Ruhusa ilitolewa mwaka 1896. Mwaka huo aliwachukua askari wanane, akaenda nao mpaka Ziwa McDonald, kisha mpaka Hifadhi ya Yellowstone na kurudi. Mwaka uliofuata akaomba safari kubwa zaidi.

Hoja zake zilikuwa wazi. Farasi hula na hunywa, huugua, hupiga kelele, hutimua vumbi linaloonekana mbali. Baiskeli haihitaji nyasi wala shayiri, na hupita kimya. Kwa jeshi lililotawanyika katika ngome ndogondogo za magharibi, lenye kazi ya kuwahi mahali penye ghasia, chombo cha namna hiyo kilikuwa na thamani. Na ni vyema kutaja ghasia hizo zilikuwa zipi. Mwaka 1894, katika mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli, askari wa Kikosi cha 25 walipelekwa kulinda njia za reli za Montana. Nchi yenyewe waliyoilinda ilikuwa imetwaliwa karibuni kutoka kwa wenyeji wake. Katika safari ya 1897 askari wa baiskeli walipita katika ardhi ya Wacrow, karibu na uwanja wa Little Bighorn, mahali ambapo mwaka 1876 Walakota na Wacheyenne walikishinda kikosi cha Custer. Watu hawa ishirini, basi, hawakuwa nje ya dola. Walikuwa mkono wake, na dola hiyohiyo iliwahesabu kuwa raia wa daraja la chini.

Kikosi cha 25 kiliundwa mwaka 1869, miaka minne baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kilikuwa kimojawapo cha vikosi vinne vya askari weusi vya jeshi la kudumu. Maofisa wake karibu wote walikuwa weupe. Mwaka 1896, mwaka uleule wa safari ya Yellowstone, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, kesi iliyotoka Louisiana, kwamba kuwatenga weusi na weupe hakukiuki katiba. Askari aliyekuwa akijifunza kuvuka mito huku amebeba baiskeli begani alikuwa mtu ambaye, akivua sare na kwenda kusini, asingeruhusiwa kuketi katika behewa alilolipia nauli.

*

Sasa siku yenyewe. Kikosi kilihitaji siku nne na nusu kupita maili 170 hivi za nchi ya mchanga, na siku hizo zilifanana mno. Kinachoelezwa hapa ni ule utaratibu uliorudiwa katika siku hizo, wala si tarehe moja peke yake.

Nchi ya Sand Hills ni eneo kubwa la machuguu ya mchanga yaliyoshikwa na nyasi. Mahali nyasi zilipokatika kwa kukanyagwa na magurudumu ya magari na kwato za ng’ombe, mchanga ulibaki wazi. Msomaji anayeishi Marekani leo anaweza kuipita nchi hii kwa gari katika nusu siku, akifuata barabara kuu namba 2 ya Nebraska, sambamba na reli ileile. Ataona nyasi zinazopepea, ng’ombe, vinu vya upepo na anga pana. Askari wa 1897 waliiona kwa urefu wa taruma moja baada ya lingine.

Asubuhi ilianza kwa mzigo. Kila baiskeli, iliyotengenezwa na kampuni ya Spalding na kutolewa kwa ajili ya jaribio hili, ilikuwa na uzito wa ratili 32 ikiwa tupu. Ikishafungwa vitu ilifikia ratili 59 hivi, karibu kilo 27. Mbele ya usukani palifungwa blanketi, nusu ya hema na mti wake, pamoja na nguo za ndani za kubadili. Ndani ya pembetatu ya fremu paliwekwa kasha la chakula. Kila askari aliongeza juu ya hayo bunduki yake ya aina ya Krag, karibu ratili kumi, na risasi 50 kiunoni. Nusu ya hema ilimaanisha kwamba hakuna aliyelala peke yake: ilibidi wawili waunganishe nusu zao ndipo wapate paa. Vyombo vya kupikia na vipuri vya matengenezo viligawanywa kati yao.

Chakula kilikuwa cha siku mbili. Jeshi lilituma akiba katika vituo vya reli, takriban kila maili mia moja, na kikosi kilitakiwa kukifikia kituo kabla ya akiba ya nyuma kwisha. Mpango huu ulikuwa mzuri katika makaratasi. Katika nchi kavu yenye barabara ngumu, maili hamsini kwa siku ziliwezekana. Katika matope ya Montana na Wyoming, udongo mzito ulioshika magurudumu mpaka yakakataa kuzunguka, au katika mchanga huu, kila saa iliyopotea ilikuwa saa iliyokatwa katika chakula. Mkate, nyama ya nguruwe ya chumvi, maharage ya kopo, kahawa na sukari: hiyo ndiyo iliyokuwa riziki, na ilipopungua ilipungua kwa wote.

Kufikia saa nne asubuhi jua lilikuwa limekwisha kuukamata mchanga. Joto la siku hizo lilitajwa kufika nyuzi 110 za Farenhaiti, yaani nyuzi 43 za Selsiasi. Hapakuwa na miti ya kutosha kumpa kivuli mtu aliyekaa, sembuse mtu aliye katika mwendo. Juu ya tuta la reli, mpandaji alipaswa kuangalia mambo matatu kwa wakati mmoja: taruma lililo mbele, mwenzake aliye mbele zaidi, na treni. Treni ilipokuja, watu ishirini na wenzao waliteremka na mizigo yao mpaka mchangani, wakangoja, kisha wakapanda tena.

Lakini adui mkubwa wa siku hizo alikuwa maji. Maji ya nchi ile yalikuwa ya magadi. Mtu aliyekuwa akitokwa na jasho tangu alfajiri hakuwa na uwezo wa kuyakataa, na aliyeyanywa aliumwa tumbo. Askari wengi waliugua. Luteni Moss mwenyewe aliugua kiasi cha kulazimika kubaki nyuma apate nafuu, na uongozi wa kikosi ukashikwa kwa muda na daktari wao, James Kennedy. Jambo hili dogo lina maana yake. Ofisa aliyeugua aliweza kusimama. Kikosi hakikuweza kusimama, kwa sababu chakula kilikuwa kituo cha mbele.

Jioni, kazi ya miguu ilipokwisha, ilianza kazi ya mikono. Mchanga uliingia katika minyororo na katika ekseli, nao ulipaswa kutolewa kabla ya kulala. Njiti za magurudumu zilizolegezwa na mataruma zilikazwa. Matairi yalizibwa. Miongoni mwa askari alikuwamo John Findley, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha baiskeli huko Chicago kabla ya kuingia jeshini. Ujuzi wake wa fundi ulikuwa sehemu ya jaribio kama ilivyokuwa fremu ya chuma, ingawa katika hesabu ya ratili na maili haukuweza kuonekana. Kisha nusu mbili mbili za hema zikaunganishwa, na watu wakalala juu ya mchanga uleule.

*

Ajabu ya siku hii ni kwamba tunajua mengi sana juu ya vitu, na machache mno juu ya watu. Tunajua uzito wa baiskeli na wa bunduki. Tunajua mwendo wa wastani wa safari nzima, maili 6.3 kwa saa. Tunajua aina ya kiti. Lakini askari mmoja alimwambia nini mwenzake alipoinua baiskeli yake kutoka mchangani kwa mara ya arobaini? Waliimba? Walilalamika? Walimcheka nani?

Sababu ya ukimya huo si siri. Walioandika walikuwa wawili. Wa kwanza ni Moss, aliyeiandikia Wizara ya Vita na magazeti. Wa pili ni Edward Boos, kijana wa miaka 19 aliyefuatana na kikosi kama mwandishi wa gazeti la Missoula. Wote wawili walikuwa weupe, na wote walistahimili njia ileile. Haitakuwa haki kuwadharau. Moss aliwasifu watu wake kwa uvumilivu na nidhamu. Lakini sifa ya uvumilivu ni sifa inayoweza kutolewa hata kwa nyumbu. Ripoti iliandikwa ili kujibu swali moja, kama baiskeli inafaa, na katika swali hilo askari alikuwa kipimo tu. Asiyekuwapo na lake halipo, husema wahenga. Askari hawa walikuwapo kila hatua ya njia, ila mezani palipoandikwa hawakuwapo.

Tarehe 24 Julai kikosi kiliingia St. Louis. Mamia ya waendesha baiskeli wa mji walitoka kuwapokea na kuwasindikiza mpaka Forest Park, ambako walipiga kambi na kufanya maonyesho ya mazoezi mbele ya umati. Missouri ilikuwa imeruhusu utumwa mpaka mwaka 1865. Katika umati ule walikuwamo watu waliozaliwa watumwa, na pia watu waliowamiliki. Kisha baiskeli zikakusanywa, na askari wakarudishwa Montana kwa treni. Moss aliomba safari nyingine mwaka uliofuata, ya kwenda San Francisco, lakini jeshi halikuiruhusu. Katika Aprili 1898, siku ya Pasaka, Kikosi cha 25 kiliondoka Missoula kuelekea vita dhidi ya Hispania. Hakikuenda kwa baiskeli.

*

Huenda habari ingekomea hapo, kama si kwa askari mmoja. Sajini Mingo Sanders, mzaliwa wa South Carolina, aliingia jeshini mwaka 1881. Katika safari ya baiskeli alikuwa na miaka 39, mkubwa kuliko askari wenzake wote, na ndiye aliyekuwa na cheo cha juu miongoni mwao. Alipigana Cuba, ambako Kikosi cha 25 kilikuwamo katika shambulio la El Caney, na baadaye akatumikia Ufilipino. Ilisimuliwa mara nyingi kwamba huko Cuba aligawa biskuti ngumu za kikosi chake kwa watu wenye njaa wa kikosi cha kujitolea cha Theodore Roosevelt, kwa ombi la Roosevelt mwenyewe.

Mwezi wa Agosti 1906, Sanders akiwa sajini mkuu wa Kompania B, kikosi chake kilikuwa kimehamishiwa Brownsville, Texas, mji ambao haukuwataka. Usiku mmoja risasi zilipigwa mjini; mhudumu wa baa akauawa na polisi mmoja akajeruhiwa. Wakazi waliwatuhumu askari weusi. Maofisa wao weupe walishuhudia kwamba askari walikuwa kambini. Hakuna aliyeshtakiwa mahakamani, na hakuna aliyepatikana na hatia. Hata hivyo Roosevelt, aliyekuwa sasa Rais, aliamuru watu 167 waachishwe jeshi kwa fedheha, bila pensheni, kwa kosa la kutowataja wahalifu ambao wao walisema hawawajui. Sanders, mwenye utumishi wa miaka 25, karibu na kustaafu, alikuwa mmoja wao. Shukrani ya punda ni mateke.

Hapa ndipo kumbukumbu inapogeuka. Seneta Joseph Foraker wa Ohio alilazimisha uchunguzi katika Seneti, na askari wakaitwa kutoa ushahidi. Maneno yao yaliandikwa neno kwa neno, yakajaza maelfu ya kurasa. Sanders alikuwa miongoni mwa waliohojiwa. Dola ambayo mwaka 1897 haikuona haja ya kuandika sentensi moja kutoka kinywani mwake, alipokuwa akilitimizia haja yake, iliyaandika yote alipokuwa mtuhumiwa. Na yalipokwisha kuandikwa hayakumrudishia kitu. Mwaka 1910 watu 14 tu waliruhusiwa kurudi jeshini, yeye hakuwamo. Alipata kazi ndogo ya serikali mjini Washington, akafa mwaka 1929. Ilikuwa mwaka 1972 ndipo jeshi lilipofuta fedheha ile, na kufikia wakati huo waathirika karibu wote walikuwa wamekwisha kufa.

Tukiirudia siku ya mchangani baada ya kujua hayo, tunaiona kwa jicho lingine. Wakati ule wapo waliotumaini kwamba askari weusi wakionyesha ustahimilivu usio na shaka, nchi italazimika kuwakubali. Safari ya baiskeli ilikuwa ushahidi kamili wa ustahimilivu huo: ulipimwa, ukaandikwa, ukashuhudiwa na umati wa St. Louis. Brownsville ilionyesha kwamba ushahidi haukuwa umepungua hata kidogo. Kilichokosekana ni mtu wa kuupokea. Jaribio lilithibitisha kuwa baiskeli inaweza kuvuka nchi. Juu ya watu, waliokuwa na mamlaka walikuwa wamekwisha kuamua kabla gurudumu la kwanza halijazunguka.

Mwaka 1974 kundi la waendesha baiskeli kutoka Montana liliirudia njia hiyo mpaka St. Louis kwa heshima ya wale ishirini. Walipofika Nebraska walikuta barabara ya lami, na reli ikipita kandokando yake. Mataruma yamebadilishwa mara nyingi tangu 1897. Mchanga ungali pale chini ya nyasi, na maji ya baadhi ya maziwa yake bado ni ya magadi.